Mdhamini wa Pili

Mtaa ule ulikuwa na nyumba thelathini na mbili, na Mama Futi alizijua zote kwa madirisha yake. Ukimtajia mtu, yeye anakujibu kwa vipimo. "Yule daktari wa meno? Dirisha la sebuleni kwake futi tisa kwa saba. Dirisha la chumba cha wageni limekaa upande, aliyejenga alikuwa na haraka ya kwenda kula." Mumewe, fundi wa mafriji na mtu wa utani usioisha, alikuwa akisema kwamba siku mkewe atakapofika mbinguni atapima madirisha kwanza, salamu baadaye.

Jina lenyewe alipewa na wateja, kwa sababu ya ile futi ya kamba iliyoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi. Aliisahau huko huko shingoni akaenda nayo benki, akaenda nayo hospitali, na siku moja akapigwa nayo picha ya kitambulisho. Mtoto wao wa pekee alishaoa na kuhamia mji mwingine. Wao wawili walibaki wamepanga vyumba viwili nyuma ya gereji, mahali ambapo harufu ya oili ilipenya mpaka kwenye marobota ya vitambaa, na wateja wenye pua nyepesi walilalamika. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama ukuta. Mwanamke aliyevalisha madirisha ya mtaa mzima alishona kwa taa mchana kweupe, na kama wewe hilo halikuudhi, mimi linaniudhi.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa zamani, wa watu waliotulia. Nyumba zote zilijengwa mwaka mmoja na chama cha wenye nyumba, zote za vigae vyekundu, zote na baraza mbele na geti dogo la pembeni kwa ajili ya watu wa kazi. Miti ya barabarani ilishanenepa ikanyanyua matofali ya njia ya miguu kwa mizizi yake, na hakuna aliyethubutu kuikata, maana mti mkubwa ndio unaomwonyesha mpita njia kwamba hapa watu hawakuja jana. Kwenye geti kuu palikuwa na mlinzi mwenye daftari la safu tatu: wakazi, wageni, mafundi. Kwa miaka kumi na miwili Mama Futi aliandika jina lake kwenye safu ya tatu. Aliliandika hapo hata siku alizokuja kumsalimia mdogo wake wa tumbo moja.

Naam, alikuwa na mdogo wake mtaani humo. Nyumba namba kumi na mbili.

Nyumbani kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na jina likamganda mpaka ukubwani. Baba yao alikufa Kitinda akiwa anajifunza kutembea. Mama yao alikuwa mgonjwa wa miguu. Aliyemsomesha mtoto yule ni cherehani, na aliyeikanyaga cherehani hiyo ni dada yake, aliyetolewa shule kwa ajili hiyo bila kuulizwa kama anapenda. Sare alimshonea yeye. Kuandika alimfundisha yeye, amemshika mkono juu ya mkono, ndiyo maana wote wawili wanashika kalamu kwa vidole vinne kama mtu anayefinya chumvi. Kitinda akasoma, akamaliza, akapata kazi ofisi ya bima, akaolewa na mhandisi, akahamia kwenye vigae vyekundu. Mama Futi alilia kwa furaha, kisha akafuta machozi akakata mapazia.

Siku aliyokwenda kuyatundika ndiyo siku uongo ulipozaliwa. Alikuwa juu ya ngazi, pini sita mdomoni, mikono yote miwili juu akipanga marinda, mara mke wa mwenyekiti wa mtaa akaingia kumkaribisha jirani mpya. Yule mama akayatazama mapazia. Akalishika pindo, akaligeuza, akatafuta uzi asiuone.

"Haya! Fundi huyu umempatia wapi?"

Kitinda akatazama juu ya ngazi. Dada yake alikuwa amejifunga kitambaa kilichochakaa kichwani, vumbi la ukuta limemjaa usoni, na zile pini hazimruhusu kusema hata neno.

"Huyu? Huyu ni fundi wangu," akasema Kitinda. "Ninaye siku nyingi."

Mgeni alipoondoka, Kitinda akashika mguu wa ngazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Dada, usinielewe vibaya. Ningesema ni ndugu yangu angedhani nakupigia debe. Watu si unawajua? Subiri sasa uone kazi zitakavyokumiminikia."

Mama Futi akatema pini kiganjani, naye akacheka. Chema chajiuza, lakini hata chema kinamtaka wa kukitaja, na mdogo wake alikuwa amepiga hesabu sawa: kabla mwezi haujaisha alishapima nyumba nne. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwahi kukaa mtaa ule. Njia hii ilikwenda miaka kumi na miwili, tena imepandwa maua pembeni.

Mwanzoni ulikuwa mchezo. Mbele za watu ni "fundi", mlango ukifungwa ni "dada", na wote wawili wanaziba midomo wasisikike wakicheka. Kitinda alipopata binti, mtoto naye akafundishwa mapema: ndani huyu ni Mama Mkubwa, nje huyu ni Mama Futi. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu alikosea, akaita "Mama Mkubwa!" barazani mbele ya wageni. Kitinda hakutetereka. "Watoto wa siku hizi," akasema, "kila mtu kwao ni mama mkubwa." Wageni wakaangua kicheko. Mama Futi pia alicheka, ila safari hiyo kicheko ilibidi akitafute.

Kulikuwa na jambo la mwanya pia. Mama yao aliwarithisha wote wawili mwanya wa meno ya mbele, mpana, wa kupitisha njiti ya kiberiti. Sasa katika namba nane alikaa nesi mstaafu, mjane mwenye macho makali na mdomo usio na breki, mteja wa Mama Futi wa miaka mingi. Siku moja akamwambia, "Fundi, wewe na jirani yangu wa kumi na mbili mmetoka kiwanda kimoja nini? Mwanya ule ule!" Mama Futi akampelekea Kitinda maneno hayo kama kichekesho. Haikupita miezi miwili, Kitinda akaenda kwa yule daktari wa meno mwenye dirisha la upande, akarudi mwanya umezibwa.

"Yalikuwa yananisumbua kutafuna," akasema.

Mama Futi akautazama mdomo ule ambao yeye ndiye aliyeulisha uji, akaona amefungiwa mlango. 

Lakini lililomkata maini ni la msiba. Mama yao alipofariki walisafiri wote wawili, wakazika, wakalia wameegemeana juu ya mkeka mmoja. Kwao kulikuwa mbali, kwa hiyo watu wa mtaani walimpa Kitinda pole kwa simu. Wiki ya pili Mama Futi alirudi kazini na kwenda kupima jikoni kwa nesi.

"Fundi, umesikia?" akauliza nesi. "Yule jirani yetu wa kumi na mbili kafiwa na mama yake mzazi. Ujitahidi ufike ukampe pole, ni mteja wako yule."

Mama Futi alikuwa ameinyoosha futi kwenye kizingiti cha dirisha. Aliisoma namba, akaiandika, akaikuta ameiandika vibaya, akaifuta.

"Nimesikia," akasema. "Nitakwenda."

Na kweli akaenda. Akaandika jina lake safu ya tatu, akapita geti la pembeni, akasimama sebuleni mbele ya majirani waliokaa, akampa pole mdogo wake kwa kufiwa na mama yao wote wawili. Kitinda akainamisha uso. "Nimeshapoa, fundi. Ahsante kwa kuja." Hakuna aliyempa pole Mama Futi. Nani angempa? Yeye si alikuwa fundi tu.

Utaniuliza, mbona hakusema? Na mimi ningemwuliza hivyo hivyo. Mtu akimlea mtoto humsamehe kabla hajakosa, na tabia hiyo haimtoki hata mtoto akiwa na mvi. Halafu ukishaucheka uongo siku ya kwanza, siku ya elfu unaona haya kuulilia.

Ndipo nyumba namba kumi na moja ikatokea.

Mwenye nyumba hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mgane, mzee mpole aliyepanga hata sufuria zake kwa ukubwa. Alikuwa anakwenda kuishi kwa binti yake. Siku aliyomwita Mama Futi kuja kushusha mapazia ili ayafunge, alimtazama akiyakunja, akasema, "Mama, nyumba hii napenda aingie mtu anayejua thamani ya dirisha. Kwa nini msiichukue nyinyi?"

Mama Futi alidhani mzee anatania. Mumewe ndiye aliyelivalia njuga, akakaa na mwalimu, akakaa na benki, na benki ikakubali kwa masharti ambayo watu wawili wasio na mtoto wa kusomesha wangeyaweza. Nyumba yenyewe haikuwa kubwa. Lakini kilikuwamo chumba cha upande wa mashariki chenye dirisha la kujikunja, pande tatu za vioo zilizoungana kwa pembe, jua linaingia kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Hapo ndipo cherehani ingekaa. Na mtu aliyekaa hapo akashona, akiinua macho tu, anaona ng'ambo ya barabara baraza la namba kumi na mbili.

Niseme wazi, maana kuna watu mtaani wanaosema Mama Futi alitamani ukubwa. Nyumba aliitaka, ndiyo, nani asiyetaka jua? Lakini zaidi ya jua alimtaka mdogo wake. Wazazi wameondoka, wamebaki wawili duniani, na miaka inakwenda. Alijiambia kwamba akishakuwa mkazi hakuna mlinzi atakayemwandika safu ya tatu, na siku hiyo ule uongo utakufa wenyewe bila mtu kuaibika. Atavuka barabara na bakuli mkononi kama jirani yeyote, kisha polepole watu watazoea, kisha siku moja neno "dada" litatamkwa barazani na jua halitaanguka.

Alikuwa na uhakika kiasi kwamba alianza kushona mapazia. Kitambaa kizito cha rangi ya majani makavu, bitana nyeupe, na kwa lile dirisha la kujikunja akakata vipande vitatu vinavyokutana pembeni bila kuacha mwanga. Vipimo hakuhitaji kwenda kuchukua, alikuwa navyo kichwani.

"Wewe unamshonea bibi harusi gauni, posa bado haijajibiwa," mumewe akamtania.

"Posa ya nini? Mwenye nyumba kakubali, benki imekubali."

"Bado watu wa vigae."

Hao ndio waliokuwa kikwazo kilichobaki. Kwa kanuni za chama, nyumba haikuweza kubadili mkono mpaka kamati ikubali, na kamati haikukubali mpaka mnunuzi alete wadhamini wawili wenye nyumba mtaani, muuzaji hahesabiwi. Kila mdhamini alipewa fomu ya ukurasa mmoja. Swali lililokuwa na uzito lilikuwa la tatu: *Unamfahamu mwombaji kwa njia gani?*

Nesi alijaza ya kwake papo hapo, kwenye meza ya jikoni, kwa herufi kubwa: RAFIKI YANGU. "Miaka kumi unanikuta na gauni la kulalia saa nne asubuhi," akasema, "kama huo si urafiki basi ni uchunguzi wa polisi." Akapiga sahihi kwa mbwembwe zote.

Fomu ya pili Mama Futi hakujiuliza ampelekee nani. Akaifungia kwenye bahasha, akaenda nayo, na mlango wa namba kumi na mbili ulipofungwa akaitoa.

"Dada! Kumi na moja? Hapa mbele yangu?" Kitinda alitabasamu kwa meno yote, yamepangana bila upenyo. "Hongera! Iache hapa. Nitaijaza kwa nafasi, halafu nitaifikisha mwenyewe. Mimi si ndiye katibu wa kamati?"

Maneno yalimjia Mama Futi mpaka kwenye ulimi: *andika dada*. Akayameza.

Nyumbani mumewe alimuuliza, "Umemwambia aandike nini?"

"Kalamu anayo mwenyewe."

"Mwambie, mke wangu. Mtu mzima hukumbushwa."

"Kitu kingine nitamkumbusha. Hicho sitamkumbusha."

Kamati ilikaa Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa mwenyekiti. Mume alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likakatika mistari. Mama Futi, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane mtaani, hakuwa na futi shingoni, na shingo ilimwasha kwa upweke. Walipita mlango wa mbele. Wajumbe watano walikuwa wamekaa, nyuma yao mapazia ya rangi ya udongo aliyoyashona yeye mwenyewe miaka sita nyuma, na aliona pindo la upande wa kushoto limeanza kufumuka. Mikono ilimwasha kuliko shingo.

Mwenyekiti, afisa wa bandari aliyestaafu, mtu wa haki na wa taratibu, alisoma fomu ya nesi. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Akafungua ya pili, akakohoa.

"Unamfahamu mwombaji kwa njia gani? 'Ni fundi wangu wa mapazia. Namfahamu kwa kazi. Ni mwaminifu na anatunza muda.'"

Mama Futi aliitazama ile karatasi mkononi mwa mwenyekiti. Hakuwa amesikia vibaya.

"Sasa hapa tuna tatizo," akaendelea mwenyekiti bila furaha. "Kifungu cha tisa. Mtu anayemfahamu mwombaji kwa kumpa kazi tu, huyo hahesabiwi mdhamini. Katibu, hiki si ndicho kifungu tulichokipitisha mwaka juzi baada ya yule bwana kumdhamini dereva wake? Si wewe uliyekiandika?"

"Ndicho," akasema Kitinda. Hakuinua kichwa.

Kwa hiyo alijua. Hakukosea wala hakusahau. Aliketi mezani kwake, akaishika kalamu jinsi alivyofundishwa, akachagua neno moja katika maneno yote ya dunia.

"Mama," mwenyekiti akamgeukia Mama Futi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta njia, "sisi tunakuheshimu. Hakuna nyumba humu isiyo na kazi ya mikono yako. Hebu fikiri. Hakuna mwingine mtaani anayekufahamu kwa njia nyingine? Urafiki? Undugu? Hata sasa hivi akisimama tunamwandika na tunamaliza."

 Mume akavuta pumzi, akafungua mdomo, na Mama Futi akamkanyaga mguu. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa la kweli. Angelisema, nyumba ni yake. Alimtazama mdogo wake akiandika kumbukumbu za kikao kwa vidole vinne, akamngoja. Alimngojea muda unaotosha kutunga uzi kwenye sindano kwa mtu mwenye macho mabovu. Kitinda akafungua ukurasa mwingine.

"Hapana," akasema Mama Futi. "Imeandikwa sawasawa."

Barabarani mumewe alilipuka. "Ungesema! Mimi ningesema, umenikanyaga kidole mpaka sasa kinanguruma!"

"Ningesema, halafu? Ningekaa pale nikatazamana na nani?"

"Shukrani ya punda..."

"Usimwite punda. Nimemlea mimi."

Akasimama kwenye yale matofali yaliyonyanyuliwa na mizizi, akalia kwa sauti, mchana, watu wakipita. Alimchukia mdogo wake kwa mara ya kwanza maishani, na chuki hiyo ilimuuma kuliko kuikosa nyumba, kwa sababu hakujua aiweke wapi.

Siku tatu baadaye Kitinda alikuja nyuma ya gereji. Alisimama mlangoni akishika mkoba kwa mikono miwili. Mama Futi hakuacha kushona.

"Dada, niliogopa. Ningeandika dada, wangeniuliza miaka yote hiyo nilikuwa namficha nani na kwa nini. Hata kwenye msiba wa mama. Wangeniona mimi mtu gani?"

Cherehani ikaenda mpaka mwisho wa pindo, ikasimama.

"Nesi aliandika rafiki," akasema Mama Futi. "Hata hilo lilikushinda?"

 Cherehani ikaendelea, na Kitinda akatoka, akafunga mlango kwa adabu.

Namba kumi na moja ilinunuliwa na meneja wa hoteli na mumewe, watu wachangamfu, wadhamini waliwapata siku moja. Mwezi wa pili simu ya Mama Futi ikalia. "Fundi, habari za kazi? Nimeelekezwa kwako na jirani yangu wa kumi na mbili. Anakusifu sana. Anasema wewe ni fundi wake wa siku nyingi."

"Usiende," akasema mumewe, safari hii bila utani wowote.

"Vile vipande vitatu vitaenea dirisha gani lingine?" akamjibu. Akavikunja ndani ya mfuko, akavaa futi yake shingoni, akaenda. Mlinzi akamsogezea daftari. Safu ya tatu.

Alitundika asubuhi nzima. Chumba cha mashariki alikiacha cha mwisho, na alipofika hapo jua lilikuwa limejaa mpaka kwenye pembe za dari, kama alivyojua litakavyojaa. Mwenye nyumba alisimama chini ya ngazi, mikono kiunoni.

"Fundi, wewe hata hujapima! Tazama yalivyokaa. Utadhani ulikuwa unaishi humu."

Mama Futi alikuwa na pini mdomoni. Akatikisa kichwa tu.

Mlango wa mbele ukabishwa, zikasikika sauti za kukaribishana, na Kitinda akaingia na binti yake, wamekuja kumsalimia jirani mpya. Kuona nani yuko juu ya ngazi, Kitinda akasita. Mwenye nyumba akamvuta mkono. "Ingia, jirani! Huyu fundi wako ni hatari, nimekoma!"

Mtoto hakusita. Alikuwa na miaka saba na hakuwa amemwona kwa miezi miwili. Alikimbia akakumbatia ngazi pamoja na mguu uliokuwa juu yake.

"Mama Mkubwa! Mbona huji kwetu?"

Akainua uso akitabasamu. Meno mapya ya mbele yalikuwa yameota, na katikati yake palikuwa na mwanya.

"Mama Mkubwa?" mwenye nyumba akauliza, anacheka, anawatazama mmoja mmoja.

Kitinda alishafungua mdomo. Ile kauli yake ya watoto wa siku hizi haikutoka. Labda, mimi siwezi kuapa, labda safari hii alikuwa anakuja na lile neno lenyewe.

Mama Futi hakumngoja. Alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mkono wa gauni, akashuka ngazi mbili mpaka uso wake ukakaribia wa mtoto.

"Umenifananisha, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Mimi ni fundi wa mapazia. Mama yako hana dada."

Mtoto akageuka kumtazama mama yake, amsahihishie. Mama yake alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Msogeze mtoto kidogo, mama," Mama Futi akamwambia mteja wake wa namba kumi na mbili. "Ngazi isije ikamwangukia."

Kisha akarudisha pini mdomoni, akapanda, akaendelea na marinda ya upande wa kushoto.